Pumzi ya Robo ya Mwisho

Wacha niseme mapema tusipotezeane muda: mimi ni mama wa watoto wawili, kazi yangu ni kutunza wazee majumbani mwao, nimebakisha mwaka mmoja nifike arobaini, na Jumapili huwa naangusha watu. Si kwa hasira. Ni mchezo, una sheria zake na marefa wake. Ni ule mpira wa Kimarekani wa kuvaa helmeti, na hapa Birmingham upo, tena wa wanawake, ingawa ukimwambia Mkenya habari hizo anakuangalia usoni kwanza aone kama umekula.

Mimi hucheza mbele kabisa, kwenye safu ya ulinzi. Kazi yenyewe ni rahisi kueleza. Mbele yangu anasimama mtu mwenye mwili kama wangu, nyuma yake yuko mwenzao mwenye mpira, na mimi natakiwa nimsukume huyu ili nimfikie yule. Wakishindwa kupita, nimefanya kazi. Wakipita, kochi anapiga kelele. Hayo mengine ya pointi na mistari nilikaa msimu mzima bila kuyaelewa, na hakuna aliyejua.

Niliingia hivi. Nilikuwa namsukuma mzee mmoja niliyekuwa namhudumia, kwenye kiti chake cha magurudumu, katika bustani moja kule Perry Barr. Mvua ilikuwa imenyesha, njia ni matope matupu, na mbele kuna kilima. Yule mzee ni mzito, halafu hataki kabisa kurudi kwa njia aliyojia. Basi nikakipandisha kiti mpaka juu. Huko juu nikakuta wanawake wanafanya mazoezi ya kusukuma dude fulani la chuma, watatu watatu, na halisogei. Kochi wao, mwanamke mfupi anayefanya kazi maktaba, akaniangalia mimi, akaangalia kiti, akaangalia matope. Akaniuliza kama Jumatano nina nafasi. Kabla sijafungua mdomo, mzee akamjibu, "Anayo."

Nguvu nilikuwa nazo. Pumzi ndiyo sikuwa nayo. Mchezo una robo nne, na msimu wa kwanza robo ya kwanza nilikuwa moto wa kuotea mbali. Ya pili nashika kiuno. Ya tatu nashika magoti. Ya nne kochi alikuwa ameniwekea kiti cha plastiki kando ya uwanja, na kila mtu alijua ni changu. Siku moja refa alinijia kwa upole akaniuliza kama kuna mtu wa kunipeleka nyumbani. Woi! Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Nikasema, basi, imetosha. Nikaomba tairi kuukuu kwa fundi wa magari, nikalifunga kamba, kamba nikaifunga kiunoni, nikawa nalivuta kwenye barabara ya nyuma ya nyumba yetu Erdington. Jirani Mwingereza akaniuliza kama gari limeharibika. Nikamwambia ndio, maana kumweleza ukweli kungechukua muda na mimi nilikuwa nahesabu hatua. Nikawa napanda na kushuka ngazi za stesheni huku abiria wa kwenda Sutton Coldfield, wale wa suti na kahawa mkononi, wakinipisha kama mtu aliyechanganyikiwa. Ugali nikaupunguza. Mume wangu, dereva wa basi, mtu mpole anayependa chakula chake kiwe kingi, akauliza kama tumekosana.

Na pumzi ikaja, jamani. Ilikuja polepole, wiki baada ya wiki, mpaka nikajikuta nimemaliza mazoezi na bado naweza kumjibu mtu vizuri. Mwaka wa pili kochi akaandika ripoti ya kila mchezaji, kakaratasi tu. Kwenye yangu aliandika kwamba pumzi yangu imebadilika kabisa, na kwamba nina maisha mbele yangu katika mchezo huu. Niliisoma nikiwa kwenye basi, nikaisoma tena. Tangu nimalize kidato cha nne hakuna mtu aliyezungumzia maisha yangu ya mbele. Ya watoto, kila siku. Ya wazee wangu, wanazo familia zao za kuwazungumzia. Yangu mimi, hakuna.

Kisha akaniambia kwamba mechi ya mwisho ya msimu atakuja mama mmoja wa timu ya taifa, kutafuta wachezaji wa kwenda kambini mwaka unaofuata. Hakunificha. Kwa umri wangu, alisema, ni mwaka huu au tuachane na hayo. Na yule mama alikwisha kusikia habari za kiti cha plastiki, kwa hiyo atanitazama robo ya nne tu. Hizo nyingine ataangalia wengine. Wiki hiyo nilivuta tairi hadi kamba ikakatika.

Sasa hapa ndipo mambo yanapoharibika, na mharibifu ni mimi mwenyewe. Mechi ni Jumapili. Kikundi chetu cha akina mama wa kanisa nacho hukutana Jumapili, kwenye ukumbi wa kukodi. Kuwaambia kwamba nakosa ibada kwa sababu naenda kuangusha wanawake wa watu uwanjani, sikuweza. Wangecheka mpaka Krismasi. Kwa hiyo kila wakinipigia nikawa nasema, "Niko shifti." Hapa Birmingham hilo jibu halina maswali. Nusu yetu ni manesi na nusu ni sisi tunaotunza wazee. Mtu akisema yuko shifti unamwambia pole na kukata simu.

Lakini wakawa wananiona madukani. Na kwetu mtu hakondi hivi hivi. Ukirudi kutoka likizo watu wanakuambia umenona, na wanakusifu. Ukikonda, wanakushika mkono na kukuuliza kwa sauti ya chini kama kuna jambo. Mimi nilikuwa nimekonda, mikono ina alama za bluu kutoka kiwiko hadi bega, na kanisani sionekani. Kwanza walidhani napigwa. Wazee wa kanisa wakamwita mume wangu, wakamkalisha, wakamuuliza. Maskini akajibu ukweli mtupu: "Mimi sijamgusa. Yeye ndiye hupiga watu." Wakamwombea, wakamwachilia.

Basi ikabaki kwamba naumwa, tena ugonjwa wa damu. Aliyeamua ni Mama Mwenyekiti. Huyu ni mkuu wa kikundi chetu, nesi wa miaka mingi, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuamuru wodi nzima, na akishaamua umeamuliwa. Asubuhi ya mechi alimpigia mume wangu akamuuliza niko wapi. Mume wangu anaweza kumdanganya polisi, lakini Mama Mwenyekiti hamwezi. Akamwambia, "Yuko Perry Barr, mama. Nendeni mkamwone wenyewe." Akampa na jina la barabara. Wakati huo mimi niko uwanjani navaa kinga za plastiki za mabegani, sina habari.

Wageni wetu walikuwa wametoka mbali, kaskazini, saa nyingi kwenye basi. Aliyepangwa mbele yangu alikuwa dada mrefu, mnene kiasi, amevaa hijabu ya michezo chini ya helmeti. Tukainama, tukagongana, naye akanitikisa mpaka nikasikia meno yakigongana. Nikasema bila kufikiri, "Woi, mama yangu!"

Ndani ya helmeti ya pili ikatoka sauti, "Pole, dada."

Nikasimama. "Wee! Unajua Kiswahili?"

"Nimekulia Eastleigh," akasema. Msomali wa Nairobi, kumbe! "Na wewe?"

"Thika."

Refa akapuliza filimbi akatuuliza kama tunahitaji msaada. Tukainama tena, na safari hii akanisukuma vibaya zaidi, maana sasa tumejuana.

Mwisho wa robo ya pili ndipo nikaona magari matatu yameegeshwa kwenye nyasi. Wakashuka akina mama kumi na mmoja, wamevaa vitambaa vya kichwani vya kikundi, wamebeba sufuria. Mtu haendi kumwona mgonjwa mikono mitupu, hilo halihitaji maelezo. Pilau, mchuzi wa nyama, chapati zimefungwa kwenye taulo, chai kwenye thermosi mbili kubwa. Mama Mwenyekiti akapita mbele ya wachezaji wetu wote akiwaangalia mmoja mmoja, akinitafuta kati ya waliolala chini. Nikavua helmeti. Nilikuwa nimelowa jasho, uso mwekundu kama naweza kuwa mwekundu.

"Yesu wangu," akasema. "Na wamekusimamisha!"

"Mama, mimi si mgonjwa. Nacheza."

"Wagonjwa wote husema hivyo." Akamgeukia katibu wa kikundi, ambaye alikuwa na daftari mkononi. "Andika. Anakataa."

Hilo daftari nililiona kwa macho yangu, kwa sababu katibu alilishika vibaya. Kulikuwa na orodha. Nani atachukua watoto wangu wakitoka shule. Nani atasafiri nami hadi Thika, na hapo nikaelewa kwamba katika safari hiyo mimi sikuwa nimepangiwa kiti cha kukalia. Chini kabisa paliandikwa: picha itumike ile ya harusi, hizi za sasa amekonda sana. Haki ya Mungu! Miezi yote ile navuta tairi nitafute maisha ya mbele, wenzangu walikuwa wameshanifikisha makaburini na wamechagua na picha.

Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kucheka pia. Sikupata nafasi ya lolote, kwa sababu Mama Mwenyekiti alikuwa ameshawaona wale wageni wamekaa kwenye nyasi wanakunywa maji.

"Hawa ni wa hapa?"

"Hapana, wametoka kaskazini."

"Leo?"

"Leo, mama. Kwa basi."

"Wametoka huko kote na hakuna aliyewapa hata chai?" Alisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyetukaniwa ukoo. Mgonjwa akasahauliwa palepale. Chakula kikapakuliwa, na kikapelekwa kwa wageni kwanza, kama inavyotakiwa. Wanawake thelathini waliokuwa wamekula ndizi moja moja asubuhi wakaona pilau. Kochi wao akajaribu kusema neno. Akapewa sahani. Mama wa timu ya taifa, mrefu, mwenye kofia ya sufu na karatasi zake, naye akapewa chapati akawa anaandika kwa mkono mmoja.

Kochi wetu, yule wa maktaba, alitukataza hata kusogea. Tulikaa tunanusa tu. Mwenzangu mmoja alilia, na sisemi kwa mzaha.

Aliyekataa chakula ni mmoja, yule dada wa Eastleigh. "Nyama sijui ilichinjwa wapi, mama," alimwambia Mama Mwenyekiti kwa heshima, "na nikila chapati nne sitakimbia. Niwekee mbili, nitakula jioni njiani." Mama Mwenyekiti akampenda papo hapo, akamfungia sita.

Kwa hiyo robo ya tatu ilianza na timu moja ina njaa na nyingine imeshiba pilau. Sijawahi kuona kitu kama kile. Wageni waliinama wakashindwa kuinuka. Yule wao wa kurusha mpira alikuwa na kwikwi, na kila akitaka kutoa amri inakatika katikati. Mmoja aliomba kwenda msalani, hakurudi. Wetu wakawa wanawapita wakitembea, tukafuta pointi zote walizotutangulia kabla ya chakula, tukawazidi kidogo tu. Na mimi moyoni nalia, maana robo ya nne ndiyo hii inakuja, yule mama ananitazama, na mtu gani atasema nina pumzi kwa kuwashinda watu walioshiba? Akina mama hawa, nilisema moyoni, wamenizika mara ya pili.

Lakini mbele yangu alikuwa bado amesimama mtu mmoja mwenye tumbo tupu. Basi robo ya nne ikawa ni yetu sisi wawili tu. Wengine wote walikuwa uwanjani kama watu wanaosubiri basi. Yeye ananipiga, nampiga. Ananivuta, namvuta.

"Choka basi, dada," nikamwambia.

"Choka wewe kwanza. Wewe ndiye mkubwa."

"Ukubwa umeuona wapi na helmeti?"

"Nausikia ukihema," akasema, mshenzi yule, na akanisukuma hatua mbili nyuma.

Nilikuwa nahema, ndio. Lakini kila nikihema pumzi nyingine inakuja. Mwaka uliotangulia, wakati kama huo nilikuwa kwenye kiti changu. Nikaanza kufurahi kabisa, peke yangu, ndani ya lile kofia.

Jaribio la mwisho la mechi, wanahitaji hatua chache wafike kwenye mstari watushinde. Nikapita chini ya kwapa la dada wa Eastleigh, nikamkumbatia yule wa kwikwi, tukaanguka, na watu kama kumi wakaanguka juu yetu. Nikasikia filimbi. Halafu nikasikia wimbo wa kanisani. Akina mama walikuwa wameniona nikipotea chini ya rundo la watu, wakaingia uwanjani wakiomba kwa sauti, na Mama Mwenyekiti, mkoba begani, akawa anang'oa wachezaji mmoja mmoja kwa kukamata jezi mgongoni. "Ondokeni! Ana damu nyepesi! Ondokeni!" Refa alirusha kitambaa cha njano cha kuonyesha kosa, halafu akasimama tu, hajui amlaumu nani. Mwisho akatulaumu sisi. Mashabiki wetu wameingia uwanjani, kwa hiyo wageni wapewe nafasi nyingine, tena karibu zaidi na mstari.

Nilidhani nimemaliza. Kumaliza halafu ukaambiwa urudie ni jambo baya sana kwa magoti. Kochi akaniita pembeni akaniuliza kama nataka kutoka, na akatupa jicho mahali kiti kilipokuwa kikiwekwa. Nikamwambia aache utani.

Tukainama. Dada wa Eastleigh akaniambia, "Bismillahi." Nikamwambia, "Haya." Tukagongana, na mara hii sikupita popote. Naye hakunisogeza. Tulibaki pale, kifua kwa kifua, miguu inachimba nyasi, mpaka yule wa kwikwi akaja mbio na mpira, akagonga mgongo wa mwenzake, akakaa chini na kwikwi yake. Filimbi. Muda umekwisha.

Sijui hata nani alinipa maji. Ninachojua ni kwamba Mama Mwenyekiti alikuja akanishika kifundo cha mkono, vidole viwili, macho kwenye saa yake. Nikaanza kumfokea. Nilimwambia angalia ulichofanya, nimetafuta siku hii mwaka mzima, na nyinyi mnaniandikia mazishi kwenye daftari! Aliendelea kuhesabu.

"Kabla hujahamia huku," akasema mwishowe, bila kuinua macho, "tulikuwa na mwenzetu. Alianza kukonda. Tukimpigia anasema yuko shifti. Nami nasema pole, nakata simu. Miezi minne. Mimi, nesi, nilikuwa nakutana naye dukani na sikuwahi kumshika hata mkono nihesabu mapigo. Siku alipozimia ndipo tukajua hakuwa hata na shifti. Alikuwa hana nguvu za kuamka. Tukamzika."

Hasira yangu yote ikanitoka. Niliona aibu kwa kila "niko shifti" niliyoitamka, na simu zilikuwa nyingi.

"Mapigo ya moyo wako yanashuka," akasema. "Sasa hivi ulikuwa unakimbia, sasa umetulia. Ya mgonjwa hayashuki hivi." Alihesabu tena tangu mwanzo, kama haamini saa.

Hapo akaja yule mama wa timu ya taifa, kidevu kina mafuta ya chapati. Alisema kwa Kiingereza chake cha haraka kwamba timu iliyoshiba hakuihesabu, lakini ile kazi kati yangu na namba sitini na tano, yule dada wa Eastleigh, aliitazama hatua kwa hatua, na kwamba ananitaka kambini mwakani, sisi wote wawili. Na nikiendelea hivi, alisema, nina miaka mbele yangu. Akaandika jina langu, akaenda kuulizia mchuzi.

Mama Mwenyekiti, ambaye Kiingereza anakijua kuliko mimi na ameamuru nacho hospitali nzima, akanigeukia bado amenishika mkono.

"Amesema nini?"

"Mama, umesikia."

"Nimesikia. Wewe niambie."

"Amesema nirudi mwakani."

Akakaa chini kwenye nyasi zenye maji, na sketi yake ya Jumapili, akalia kwa sauti. Akina mama wengine wakakimbia wakidhani nimekufa. Nikainama nimwinue akakataa, akaukumbatia mkono wangu wenye alama za bluu, akaniambia niseme tena. Nikasema tena, mwakani, mama, mwakani nitakuwepo.